Shingo ya Mpiga Pembe

Juzi nilikuwa kliniki moja hapa Same mjini, nimekaa kwenye kitanda chembamba, kichwa nimekiinamisha, na daktari kijana, umri wa kitinda mimba wetu, ananibonyeza uvimbe shingoni chini ya sikio la kulia. Anausukuma huku, anausukuma kule. "Unauma?" Hauumi. "Umeanza lini?" Sijui, nimeuona kwenye kioo nikibana nywele. Akaendelea kuusukuma, nao ukawa unamkwepa chini ya kidole. Mwishowe akavua glavu, akajipaka spiriti mikononi, akasema kwa sauti ya mtu anayeogopa kunishtua kwamba unaonekana ni uvimbe wa mafuta tu, hauna ubaya, ila atanipima zaidi ili awe na uhakika. Kisha akauliza, "Kuna mtu katika ukoo wenu aliwahi kuwa na kitu kama hiki?"

Jamani, nilicheka. Nilicheka mpaka nesi akasukuma mlango kuchungulia kuna nini. Daktari wa watu akabaki ameduwaa, kwa sababu wagonjwa wengine, nadhani, wakifika hapo hulia. "Daktari," nikamwambia huku nafuta macho, "kwa ajili ya uvimbe wa baba yangu kijiji kizima kilipanga foleni." Akadhani namtania. Lakini ile harufu ya spiriti ilikuwa imeshanichukua, nimeshafika nyumbani.

Kwetu ni juu ya Gonja, kwenye milima ya Upare ya kusini, kule ambako ukitoka nje asubuhi ukungu unauona chini yako. Tulilima tangawizi, mahindi, maharage na migomba, na vyote viliishi kwa maji ya ndiva. Ndiva ni bwawa la udongo na mawe ambalo mababu zetu walilijenga juu ya mashamba. Maji ya kijito hujaa humo usiku, asubuhi mdomo wake unazibuliwa, na mfereji unayapeleka kwa kila mtu kwa zamu yake. Sasa, bwawa la udongo linataka kuangaliwa kama mtoto mchanga. Leo limejaa tope, kesho fuko amelitoboa. Kazi hiyo haiwezi kuwa ya mtu mmoja, kwa hiyo inafanywa kwa msaragambo: nyumba zote zinatoka, jembe begani, na asiyetoka atajieleza mbele ya wenzake. Na kwetu msaragambo uliitwa kwa pembe.

Mpiga pembe alikuwa baba yangu, Eliakimu, na mimi nilikuwa binti yake wa kwanza, na tafadhali mtu asinidai unyenyekevu hapa. Nilitembea njia ya shule kama mtoto wa waziri. Pembe yenyewe ilikuwa ya tandala, imejipinda, ndefu kuliko mkono wangu, na tundu la kupulizia liko ubavuni, karibu na ncha. Ilining'inia juu ya mlango wa chumba cha wazazi, nyeusi kwa moshi, inanukia samli ambayo baba aliipaka ili isipasuke. Alfajiri ya msaragambo baba alisimama kwenye jiwe nyuma ya nyumba, akaielekeza ng'ambo ya bonde, akavuta pumzi. Sauti iliyotoka, mwenzangu, uliisikia kwanza tumboni, ndipo masikioni. Mbwa walinyamaza. Ng'ambo kule, milango ikaanza kufunguka, watu wakatoka mmoja mmoja na majembe yao. Simu za mkononi zilikuwa zimeshafika tarafani, lakini kwetu walionazo walijulikana kwa majina, na ili wapate mtandao walipanda kilima cha kanisa wakanyoosha mkono juu. Pembe ya baba haikuhitaji vocha.

Na chini ya sikio lake la kulia, kwenye kona ya taya, baba alikuwa na uvimbe.

Mimi nimezaliwa nikaukuta, kwa hiyo kwangu ulikuwa sehemu ya baba, kama ndevu zake. Nilipokuwa mdogo sana ulilingana na yai la kuku. Ulikuwa laini, haumuumi, ukiubonyeza unateleza. Babu, aliyepiga pembe kabla yake, naye alikuwa nao, mdogo, nyuma ya shingo, na alizikwa nao. Basi ushahidi ulikuwa umekamilika, hatukuhitaji mwalimu wa kutufundisha: mpiga pembe huweka pumzi shingoni. Pumzi isiyotoka yote inabaki pale, inakaa akiba, siku ya kazi kubwa inatoka. Baba mwenyewe aliamini hivyo. Watu wazima waliamini hivyo, wengine nusu kwa utani, wengine hawana utani hata kidogo.

Mimi niliamini kuliko wote. Baada ya chakula cha jioni nilikaa mapajani mwake nikaweka sikio pale pale kwenye uvimbe, na kweli, nilisikia kitu. Du, du, du. Leo najua ulikuwa mshipa wa damu unaopita shingoni mwa kila mtu. Wakati ule nilijua ni watu wa msaragambo wako humo ndani, wanatembea, wanasubiri kuitwa.

"Baba, wanasema nini leo?"

"Wanasema kesho uamke mapema ukachote maji."

Nilitaka wangu. Niliutaka jinsi watoto wengine walivyotaka baiskeli. Nyuma ya jiko nilijiminya shingo chini ya sikio la kulia kila siku, nikaivuta ngozi, nikajitazama kwenye maji ya ndoo kama kuna kilichoota. Na ili uvimbe wangu ukija usinikute sijui kazi, nilifanya mazoezi kwa bua la jani la boga: unalikata ncha, unalipasua kidogo, unaweka midomo unapuliza mpaka linalia. Mama alinifukuza nyumbani kwa kelele zile, nikaenda kupigia shambani. Midomo ilivimba, mashavu yaliuma, lakini shingo ikabaki nyembamba vile vile. Hilo lilinihuzunisha sana.

Halafu uvimbe wa baba ukaanza kukua. Haukukurupuka, ulikwenda polepole, lakini haukurudi nyuma. Ulifika ukubwa wa parachichi. Kola ya shati ikawa haifungi. Akitaka kumtazama mtu upande wa kulia aligeuka na mwili mzima, na usiku alilala ameegemea mito, anakoroma kwa nguvu, mara kimya, mama anamtikisa. Pembe nayo ikaanza kubadilika. Ng'ambo ya bonde wakaanza kuchelewa kufika, wakisema, "Leo hatukuisikia vizuri." Na kila mtu akawa na lake. Baba mdogo Elisante, mdogo wake baba, alisema upepo umejaa umekosa pa kutokea. Mama Naelijwa, jirani yetu wa chini ya ndiva, mwanamke mwenye bidii ya kubeba habari, alisema ni saratani, tena saratani ikishaguswa na kisu inasambaa mwili mzima, mtu hamalizi mwezi. Wengine walinong'ona kwamba Eliakimu ana mkono wa mtu.

Mama yangu hakunong'ona. Alifunga kanga kiunoni akamwambia, "Tunashuka Gonja hospitali. Ukikataa nashuka peke yangu nikawaambie waje wakuchukue."

Wakashuka, nami nikiwa mkiani, kwa sababu niling'ang'ania. Daktari wa kule alikuwa mama mnene mwenye haraka na mikono ya joto. Aliubonyeza, akausukuma, akamuuliza baba kama unauma, kama umekua kwa ghafla, kama amekonda. Wakamchoma sindano nyembamba, wakachukua kilichomo, wakakipeleka kupimwa. Tuliporudi kusikiliza majibu mama alinishika mkono kwa nguvu hadi vidole vikafa ganzi.

"Ni mafuta, baba," daktari akasema. "Mafuta yamejikusanya chini ya ngozi, yamejifungia kwenye mfuko wake. Si saratani. Ungekuwa mgumu, umeganda hausogei, unakua mbio, hapo ningekuwa nasema mengine, na ningekugombeza kwa kuchelewa. Huu ni mpole. Ila alipokaa huyu mpole ni pabaya, na haachi kukua. Niachie niutoe."

Mama aliachia mkono wangu akaangalia juu, midomo yake inacheza bila sauti. Baba aliuliza, "Na sauti?"

"Sauti ipi? Utaongea kama kawaida."

"Sikuulizi ya kuongea."

Daktari akamtazama mama. Mama akatazama ukuta.

Tukapanda mlima, na tulipofika nyumbani baba akatangaza kwamba hakatwi. Ukitoa uvimbe umetoa pembe, na bila pembe yeye ni nani? Mama alilipuka. "Mimi niliolewa na mtu, Eliakimu! Sikuolewa na pembe! Usiku nakaa macho nakusikiliza kama bado unapumua, na wewe unalinda mafuta!" Baba alitoka nje. Mama akalia jikoni huku akipepeta maharage, na mimi, mtoto mwenye akili zangu nyingi, nikaenda kumfariji kwa kumwambia kwamba baba ana haki, kwa sababu wakiutoa watu wote wa ndani watamwagika na hatutapata tena wa kuita. Kisha akanipa ungo nipepete.

Ndivyo tulivyoingia masika. Mama anaogopa atamzika mume wake kwa sababu ya kitu ambacho daktari amesema hakiui, baba anaogopa kuishi bila pembe, na mimi niko upande wa baba kwa moyo wangu wote.

Mvua ilinyesha usiku kucha. Kulipoanza kupambazuka, Mzee Zefania, msimamizi wa ndiva, alikuja akikimbia, tope mpaka magotini. Hakusubiri hata shikamoo zetu.

"Eliakimu! Ukuta unavuja! Gogo limeingia mdomoni limekwama, maji hayatoki, na yanazidi kupanda. Piga pembe! Piga sasa hivi!"

Chini ya ndiva kulikuwa na tangawizi ya kitongoji kizima, imebakiza kidogo tu ichimbwe. Kulikuwa na nyumba ya Mama Naelijwa na za wengine, na watu bado wamelala. Baba aliitwaa pembe akapanda jiweni. Akaiinua. Haikukaa. Ule uvimbe uliisukuma, tundu likawa haliendi midomoni mpaka ageuze shingo, na shingo haigeuki. Akajaribu hivyo hivyo. Kikatoka kikohozi cha ng'ombe, kikafia pale pale kwenye migomba. Akahamishia upande wa kushoto, ambako midomo yake haikuzoea, akapuliza mpaka mishipa ya usoni ikasimama. Kimya. Mvua tu.

Nilikuwa chini ya jiwe nimelowa, namtazama shingo. Uvimbe ulikuwa pale, mkubwa kuliko siku zote, umejaa tele. Nikaukasirikia kama mtu. Si umejaa? Toa basi! Akiba ya siku gani hiyo? Baba alishusha pembe, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliona uso wake umeogopa, nami nikaogopa vibaya sana.

Baba mdogo Elisante alikuwa ameshafika. "Lete hapa!" Akaipokonya, akajaza mashavu, akapuliza. Fyuuu. Siku nyingine ningejibanza mahali nicheke mpaka jioni.

Hakuna mtu aliyewahi kusema kwamba mtoto wa kike asishike pembe ile. Hawakukataza kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba jambo hilo linaweza kumjia mtoto wa kike kichwani. Basi nilipanda jiweni nikaichukua mikononi mwa baba mdogo. Ilikuwa nzito, inateleza kwa samli na mvua.

"Wewe mtoto! Weka hiyo chini!"

Sikuweka. Nikapanga midomo kama kwenye bua la boga, nikapuliza. Ikatoka kama kilio cha mbuzi. Nikalegeza midomo, nikavuta pumzi mpaka tumbo likauma, nikapuliza tena, na ikashika. Ikashika, jamani! Nilihisi pembe nzima inatetemeka mikononi, meno yanatetemeka, na ile sauti ya baba, ile ile niliyozaliwa nikaikuta, ikatoka mdomoni mwangu ikavuka bonde. Mbwa wakanyamaza.

Mzee Zefania alibaki mdomo wazi, mvua inamwingia. Kisha akapiga kelele, "Tena! Tena, mwanangu, usiache!"

Nikapiga tena na tena, hadi nikaona taa ya chemli ng'ambo, halafu nyingine, halafu milango. Walitoka. Walitoka wote, na majembe, na viroba, na mapanga ya kukatia migomba. Akina mama wakajaza udongo kwenye viroba na kuupanga ukutani, wanaume wakaingia majini mpaka kifuani kupapasa mdomo, wakafunga kamba kwenye lile gogo, wakalivuta kwa wimbo, likakataa, wakalivuta tena. Likang'oka. Maji yakaingia mferejini kwa ngurumo, na mimi nikayaona kutoka pale jiweni yakipita kando ya shamba la tangawizi, kando ya nyumba ya Mama Naelijwa, bila kugusa hata kuku. Vigelegele vilipigwa mvuani. Ukuta ulisimama, na bado umesimama.

Baba hakuwa ameondoka pale. Watu wote waliposhuka kufanya kazi, yeye alipiga magoti kwenye tope mbele yangu, akanishika shingo. Nilidhani nitachapwa. Lakini vidole vyake vilikuwa vinatafuta. Vilipita chini ya sikio la kulia, taratibu, vikabonyeza. Vikaenda la kushoto. Vikaingia nyuma chini ya nywele, mahali pa babu, vikashuka mpaka mabegani, vikarudi kulia tena kuhakikisha. Nilitekenyeka nikacheka.

"Hakuna," akasema.

"Hakuna nini, Baba?"

"Humu hakuna kitu."

Ndipo nami nikaelewa, na nakwambia ukweli, jambo la kwanza nililotaka ni kulia, maana nilikuwa nimeihangaikia shingo ile kwa siku nyingi. Lakini baba alikuwa anacheka. Alicheka huku machozi yanatoka, au ilikuwa mvua, sijui, akaniinua na pembe yangu mkononi akanibeba mpaka mlangoni kwa mama.

"Nitayarishie shati safi," akamwambia. "Jumatatu tunashuka Gonja."

Mama alijifunika uso kwa kanga. Hakuuliza kwa nini, kwa sababu alikuwa ameisikia pembe, na alikuwa dirishani, aliona ni nani aliyepiga.

Kule hospitali walimlaza usingizi wakautoa. Nilikaa na mama nje kwenye benchi, kukiwa na harufu ya spiriti na sabuni, na saa zikaenda mwendo wa kinyonga. Mama alikuwa amefumba macho muda wote. Daktari yule mnene alitoka akiwa na bakuli, akatuambia kazi imekwisha salama, mishipa yote iko mahali pake, akatuonyesha. Yalikuwa mafuta. Ya njano, kama yale ya kuku aliyenona, yamefungwa kwenye ngozi nyembamba. Nilitazama kwa makini sana. Hapakuwa na watu humo ndani. Baba baadaye alipenda kusimulia kwamba mama, Mpare halisi asiyetupa kitu, alimuuliza daktari kama yanafaa kukaangia. Mama mpaka leo anakataa kwa hasira, lakini mimi nilikuwepo, na nasema tu kwamba aliyaangalia kwa muda mrefu. Yakapelekwa kupimwa tena, majibu yakawa yale yale: mafuta, hayana neno.

Baba alirudi na bandeji shingoni. Mama Naelijwa akaanza kusubiri mwezi uishe. Sisemi kwamba alimtakia mabaya, kwa sababu alileta ndizi na akalia kwa uchungu wa kweli, lakini alishatangaza kwamba kisu kinasambaza, na mtu akishatangaza anakuwa na hamu ya kuona. Baba alipona. Shati likafunga. Usiku alilala chali kama mtoto, na mama, ambaye sasa angeweza kulala, alituambia kwamba alikaa macho kwa raha ya kusikiliza kimya.

Pembe tu ndiyo hakuigusa. Alijua, alikuwa ameishika shingo yangu kwa mikono yake. Lakini aliogopa, na aliniambia wazi kwamba anaogopa. "Labda wewe umezaliwa tofauti," akasema. Nikamwambia kwa jeuri yote ya umri ule, "Basi nitakuwa napiga mimi, wewe utakuwa unanishikia koti."

Asubuhi moja ya kiangazi, ukungu uko chini, nilimkuta jiweni. Kovu lake lilikuwa limekauka, mstari mmoja mwembamba. Aliiweka pembe upande wa kulia, ikakaa vizuri. Akageuza shingo, shingo ikageuka. Akapuliza.

Wacha wee. Sikuwahi kuisikia hivyo, hata kabla uvimbe haujakua. Ilitoka nzima, haina mikwaruzo, ikavuka bonde ikarudi, naye akaifuata na nyingine kabla ile ya kwanza haijaisha. Nilirukaruka pale chini kama kichaa. Mama alitoka jikoni na mwiko, akasimama, akaanza kupiga vigelegele peke yake.

Tulichosahau katika furaha yetu ni kwamba pembe ile haipigwi kwa kujifurahisha. Ikilia, watu wanatoka. Na wakatoka! Kitongoji chote, ng'ambo mpaka huku, majembe begani, viroba mkononi, wanahema kwa kupanda mlima, na Mzee Zefania mbele. Alitazama ndiva, shwari. Alitazama mfereji, shwari. Akamgeukia baba.

"Eliakimu, kazi iko wapi? Unajua taratibu. Pembe hailii bure."

Baba hakubabaika. Alifungua vifungo vya shati, akainamisha kichwa upande wa kushoto, shingo yake ya kulia ikabaki wazi juani.

"Kazi ipo," akasema. "Mlisema upepo. Mlisema saratani. Mlisema mkono wa mtu. Pembe mmeisikia. Wekeni majembe chini, mje mshike hapa mmoja mmoja. Msaragambo wa leo ni huo."

Mtu mmoja akacheka, na kicheko kikaenea mpaka mwisho wa umati. Wakapanga foleni. Nawaambia wakapanga foleni, wazee na watoto, wakapita mmoja mmoja wakimshika shingo, mwingine kwa kidole, mwingine kwa kiganja chote. Baba mdogo Elisante alishika mara mbili. Mama Naelijwa alikuwa wa mwisho. Aliweka mkono, akapapasa kovu, akapapasa chini yake.

"Kumbe ni shingo tu," akasema.

"Ni shingo tu," baba akajibu. "Sasa nenda kaieneze hiyo kwa bidii ile ile."

Na akaieneza, haki yake apewe. Baada ya hapo watu wawili watatu wa vijiji vya jirani, waliokuwa wanaficha vinundu vyao chini ya kanga na makoti, walishuka Gonja kuonyesha. Mama akapika makande sufuria kubwa, kwa kuwa watu waliokwishapanda mlima huwezi kuwarudisha na njaa. Mzee Zefania aliuliza mbele ya wote kama sauti haikai shingoni basi inakaa wapi, na baba akasema, "Muulizeni huyu," akanipa pembe. Nikapiga. Tangu siku hiyo msaragambo wa kwetu uliitwa na sisi wawili, yeye mara hii na mimi mara ile, mpaka nilipoondoka kwenda kusoma, na hakuna mtu ng'ambo ya bonde aliyeweza kutofautisha.

Juzi nilipotoka kliniki nilisimama kivulini nikampigia simu. Sasa ni mzee, siku hizi ana simu yake, na anaipigia kelele kama iko ng'ambo ya bonde.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba! Umesema nini?"

"Nina uvimbe, Baba. Daktari anasema ni mafuta."

"Upande gani?"

"Kulia. Chini ya sikio."

Nikasikia kuku wa nyumbani nyuma yake. Kisha akaanza kucheka, kile kicheko cha siku ya mvua, nami nikaanza kucheka palepale barabarani, watu wa Same wananitazama.

"Siku ile nilikutafuta shingo nzima," akasema, "nikakosa."

"Ulikosa, Baba."

"Haya. Wakautoe, usichelewe, usiwe mjinga kama mimi. Lakini Jumamosi upande kwanza uje nao. Pembe iko juu ya mlango. Utapiga, nami nitaushika."